Chama, boti na tabia za watu: maswali yanayoulizwa kila mara kuhusu nani hushirikiana na nani hudandia

Haya maswali yanazunguka sana hapa Lamu, kwa vikao vya chama cha kuchanga pesa, kwa jeti, hata harusini watu wakishakula wakashiba, na majibu mengi yanayotolewa ni ya kelele tu, aliye na sauti kubwa ndo mshindi. Hapa nimeweka yale ambayo watafiti wameyafanyia kazi ya kueleweka, na penye maoni yangu mtapaona wenyewe. Si lazima usome kwa mpangilio, ruka tu ufike kwa lako.

"Ushirikiano kwenye maamuzi ya kimkakati" ndo nini hasa?

Ni ule uamuzi ambao faida yako haikutegemei wewe peke yako, inategemea na mwenzio ataamua nini, na yeye yuko pale anakupigia hesabu vilevile. Tuseme manahodha wawili wa Shela, kila mmoja na boti yake, na jioni kuna makundi mawili ya watalii wanataka kuzungushwa waone jua likitua. Wamekubaliana bei ni 3,000, asiteremshe mtu. Wakishika maneno yao kila mmoja anaondoka na 3,000 yake (mafuta ya injini tuyaache kwanza). Lakini mmoja akienda pembeni akamnong'oneza mteja "mie nawapeleka kwa 2,000" anapakia makundi yote mawili, hiyo ni 4,000, na mwenzie analala mikono mitupu. Sasa yule mwenzie naye si mjinga, kashawaza yaleyale tangu asubuhi, kwa hivo wote wawili wanateremsha na kila mmoja anarudi nyumbani na 2,000. Kila mtu kafanya la akili kwa upande wake na wote wamepata pungufu ya kile ambacho wangepata wakitulia.

Hapo ndo kiini cha mambo yote yanayofuata. Ukiishika hii hesabu ya boti umeshaishika ya kamba mwenye mayai anayefaa kurudishwa baharini, ya juya, ya takataka mbele ya mlango, ya mikopo ya chama, yote.

Hii si ile ya wafungwa wawili?

Ndo hiyohiyo. Merrill Flood na Melvin Dresher waliitunga mwaka 1950 wakiwa kwenye taasisi ya utafiti ya RAND kule Marekani, na mwaka huohuo Albert Tucker akaivisha kisa cha wafungwa wawili wanaohojiwa kila mtu chumba chake. Jina la wafungwa likaganda. Mie naona boti ni mfano mzuri zaidi manake watu wa boti huonana tena kesho, na hilo, mtaona, linabadilisha kila kitu.

Haya tusizungushane. Wanawake hushirikiana kuliko wanaume, ndio ama la?

La. Na wanaume pia hawawazidi wanawake. Mwaka 2011 Daniel Balliet na wenzake walichapisha kazi ambayo walikusanya miaka 50 ya tafiti za michezo ya aina hii (watu hukalishwa waamue kama wale manahodha), matokeo 272 kwa jumla, wakayaweka pamoja, na tofauti ya jumla kati ya wanaume na wanawake ikatoka karibu na sufuri kabisa. Kwa hivo yule anayekwambia kinamama wana moyo wa kushirikiana kuliko sisi, na yule anayekwambia wanawake hawawezi kukaa pamoja wasigombane, wote wawili wanaongea kutoka hewani.

Lakini usifunge ukurasa hapo, manake ndani ya hiyo sufuri kuna mambo. Wanaume na wanawake wakichanganywa kwenye mchezo mmoja, wanawake ndo walioshirikiana zaidi. Ukiwatenga, wanaume kwa wanaume walishirikiana zaidi kuliko wanawake kwa wanawake, na hili huwashangaza watu sana. Halafu mchezo ukirudiwa raundi nyingi na watu walewale, wanaume walizidi kupanda kulinganisha na wanawake. Yaani ukiuliza "mwanamke ama mwanamume" hupati jibu, ukiuliza "nani kakaa na nani, na watakutana tena?" hapo ndo unaanza kupata kitu.

Lakini chama cha kinamama mtaani kwetu kimedumu na cha vijana wa boti kimekufa. Huo si ushahidi?

Ni ushahidi wa kitu, ila sidhani ni wa jinsia. Tazama hivyo vyama viwili vinavyoendeshwa. Kile cha kinamama wanakutana baada ya Alasiri nyumba ya mmoja wao, mkeka umetandikwa, katibu ana daftari ya mistari, pesa inahesabiwa pale kati macho ya watu wote, jina linasomwa, "Mama Fulani?" "Hii hapa." "Mama Fulani?" kimya. Ule unyamavu wenyewe ni faini tosha. Na kiasi ni kidogo, na anayepokea leo anajulikana, na nyumba yake inajulikana, na ya mamake pia.

Cha vijana pesa inatumwa kwa simu, hakuna anayemuona mwenzie akitoa, mweka hazina anasema "wengi wameshatuma" na hakuna wa kuhakikisha, halafu msimu wa kusi unaingia, bahari imechafuka, watalii wamepungua, na hakuna mtu aliyewahi kuandika itakuwaje mtu akikosa mwezi. Hebu chukua wale vijana uwakalishe kwenye mkeka kwa masharti ya kinamama uone. Na hao kinamama uwape sheria za wale vijana, nakwambia hawafiki Mfunguo Nane.

Kuna wakati wanaume ndo hushikana hasa?

Kukiwa na wa kushindana naye. Mark van Vugt na wenzake mwaka 2007 walionyesha kwa wanafunzi Uingereza kwamba wanaume walitoa mchango mkubwa zaidi kwa kundi lao pale walipoambiwa vyuo vingine navyo vinacheza na matokeo yatalinganishwa, na wanawake kuambiwa hivyo hakukuwabadilisha sana. Anayejua mashindano ya majahazi hapa hahitaji kuelezwa. Watu ambao wiki nzima wamegombania bei, siku ya mashindano utawaona wote wamening'inia upande mmoja wa chombo kulizuia lisipinduke, hakuna anayeuliza nani analipwa ngapi.

Tabia gani ya mtu ndo inaonyesha kama atashirikiana?

Hapa nitakaa kidogo manake hapa ndo penye nyama.

Wanasaikolojia wengi hupima tabia kwa vipimo vitano: kupenda mambo mapya, umakini na kujipanga, uchangamfu, upole wa kuelewana na watu, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Baadaye Michael Ashton na Kibeom Lee wakaja na mpango wa vipimo sita, wakaongeza kile wanachokiita uaminifu na unyenyekevu: mtu asiyependa kupunja, asiyejiona anastahili zaidi ya wengine, asiyekubembeleza ili akupate. Mwaka 2020 Isabel Thielmann na wenzake walikusanya mamia ya tafiti, na hicho cha sita kikawa miongoni mwa vile vinavyokwenda sawasawa na ushirikiano kuliko vingine. Si kwa nguvu ya kutisha, tusidanganyane, lakini kinaonekana.

Sasa tamu iko hapa. Benjamin Hilbig na wenzake walionyesha kwamba huo uaminifu na ule upole ni wema wa namna mbili tofauti kabisa. Mwenye uaminifu hakudhulumu hata ukiwa huna pa kushtaki, ukimpa pesa agawe anavyotaka anagawa vizuri. Mpole ni yule ambaye akidhulumiwa yeye, husamehe, ukimgawia fungu dogo anapokea na maisha yanaendelea. Mtu anaweza kuwa na huu akakosa ule! Kuna mtu mkali, hasahau kosa, ukimchokoza utajuta, lakini shilingi yako hataigusa milele. Na kuna mtu mpole wa maneno laini, kila mtu anampenda, anasamehe kila kitu, na anajisamehe na yeye mwenyewe akichota kidogo kwa mkoba.

Vyama vingi naona vinakosea hapo. Tunamchagua mpole awe mweka hazina kwa sababu hana makuu, kumbe mpole kazi yake ingekuwa kusuluhisha, na mkoba apewe yule mkali.

Na mtu mchangamfu?

Uchangamfu hausemi mengi. Mchangamfu ni mtamu wa kukaa naye barazani, basi. Wasiwasi nao vilevile, hautabiri sana.

Kama wanawake ni wapole zaidi kwa vipimo, mbona hawashirikiani zaidi?

Swali zuri. Ni kweli wanawake kwa wastani hupata alama za juu kidogo kwenye upole. Paul Costa, Antonio Terracciano na Robert McCrae mwaka 2001 walitizama jamii 26 wakaona hivyo, ila waliona pia kwamba hizo tofauti za jinsia ni kubwa zaidi Ulaya na Marekani kuliko Afrika na Asia. Kwa hivo huku kwetu pengo lenyewe ni dogo kuanzia mwanzo. Halafu tabia ni wastani wa mtu siku zote na mahali pote, na uamuzi unafanywa siku moja na mtu mmoja mbele yako ambaye pengine jana alikutolea maneno. Rachel Croson na Uri Gneezy walipopitia tafiti nyingi mwaka 2009 waliona wanawake hubadilika zaidi kulingana na hali ilivyo, wanaume wanabaki palepale zaidi. Ukibadilisha kitu kidogo tu, kama anaonekana ama haonekani, mwanamke aliyekuwa akishirikiana kuliko mwanamume unamkuta nyuma yake.

James Andreoni na Lise Vesterlund walionyesha mfano mzuri wa hili mwaka 2001. Kutoa kukiwa rahisi, yaani shilingi unayotoa inamfikia mwenzio ikiwa imeongezeka, wanaume walitoa zaidi. Kutoa kukiwa ghali, wanawake ndo waliotoa zaidi, manake wao walikuwa wanataka kugawa sawa kwa sawa hata hesabu ikiwauma. Sasa niambie nani mkarimu hapo.

Si kweli wanawake huogopa kushindana?

Marekani, kwa mchezo wa kujumlisha namba, Muriel Niederle na Lise Vesterlund (huyohuyo) mwaka 2007 walipata asilimia 73 ya wanaume wanachagua mashindano na wanawake asilimia 35, na walikuwa wanajumlisha sawasawa tu. Watu wakasema basi, ni maumbile. Halafu mwaka 2009 Uri Gneezy, Kenneth Leonard na John List wakaenda kwa Wamaasai Tanzania na kwa Wakhasi kule India, ambako ukoo na mali hupita kwa mama. Mchezo ulikuwa kutupa mpira wa tenisi ndani ya ndoo. Wanaume wa Kimaasai walichagua kushindana karibu mara mbili ya wanawake wao. Kwa Wakhasi ikageuka, wanawake wakawapita wanaume. Ndoo ni ileile na mpira ni uleule.

Hizi tafiti zote si za wazungu kuwapima wanafunzi wao?

Nyingi ndio, na kulalamika ni haki. Lakini kuna moja ilifanywa hapa jirani kabisa. Joseph Henrich na wenzake walipeleka michezo hii kwenye jamii ndogo 15 duniani, matokeo yakaanza kutoka mwaka 2001, na mmoja wao, Jean Ensminger, alikuwa akifanya kazi na Waorma, hapo Tana River, ambapo ukitoka Lamu kwa gari kwenda Malindi lazima upite. Alipowaeleza mchezo wa kuchangia mfuko wa pamoja, pesa iliyomo inaongezwa halafu inagawiwa wote sawa, wakauita palepale harambee. Wakachanga wastani wa asilimia 58 ya pesa waliyopewa.

Kwenye mchezo mwingine wa kugawana pesa, wale Wamachiguenga wa Peru, ambao kila familia inajilimia na kujiwindia peke yake, walitoa kama robo tu kwa mwenzao, na watu wa Lamalera Indonesia, ambao wanawinda nyangumi kwa chombo kimoja watu kumi na kitu, walitoa zaidi ya nusu. Mvuvi yeyote wa Kipungani ataelewa. Ukivua kwa chombo cha pamoja, fungu la chombo linatoka, fungu la nyavu linatoka, wanaobaki wanagawana, na mtu akizoea hivyo tangu utotoni mkono wake unagawa wenyewe.

Kuna watu wanataka tu wengine wakose. Hao wanaelezwaje?

Wapo, na wanapimika kirahisi. Mpe mtu achague: wewe 480 na mwenzio 480, ama wewe 540 na mwenzio 280, ama wewe 480 na mwenzio 80. Wa kwanza anapenda usawa, wa pili anajipenda, wala si kosa kubwa. Wa tatu kaacha 60 yake ili mwenzie akose 200. Tazama tena, hajapata chochote zaidi ya wa kwanza! Kwenye tafiti hao wa tatu ni wachache, ila kwa kamati ya watu tisa mmoja anatosha.

Kwa hivo nikijua tabia ya mtu nitajua atafanya nini?

Punguza imani. Varda Liberman, Steven Samuels na Lee Ross walichapisha jaribio mwaka 2004. Waliwauliza waangalizi wa mabweni ya Chuo cha Stanford wawataje wanafunzi wanaowajua kuwa wa kushirikiana na wale wabinafsi, halafu wakawachezesha mchezo uleule wa wafungwa, pesa zilezile, sheria zilezile, ila nusu yao waliambiwa unaitwa Mchezo wa Wall Street na nusu Mchezo wa Jamii. Kwenye Wall Street kama thuluthi moja walishirikiana, kwenye Jamii kama thuluthi mbili. Na yale maoni ya waangalizi, watu waliokaa nao nyumba moja? Hayakusaidia kitu, waliosemwa wazuri na waliosemwa wabaya walifanya sawa.

Mie hili ndo nimeliweka moyoni kuliko yote hapa. Tunapoteza usiku mzima tunachambua mtu, baba yake alikuwaje, mkewe anasemaje, na hatutumii hata dakika tano kujadili kikao kinaitwaje, kinaanzaje, na pesa inahesabiwa mbele ya nani.

Na mtu akivunja makubaliano, alipizwe ama asamehewe?

Robert Axelrod aliandaa mashindano ya programu za kompyuta zicheze mchezo huu raundi nyingi, ya kwanza zikaletwa 14, ya pili zikazidi 60, na mara zote mbili ikashinda ile ya Anatol Rapoport iliyokuwa fupi kuliko zote: anza kwa kushirikiana, halafu mfanyie mwenzio alichokufanyia raundi iliyopita. Akiharibu, mjibu mara moja. Akitengenea, yaishe palepale. Usiweke daftari la makosa ya miaka mitatu.

Kwa kundi la watu wengi ni ngumu zaidi manake ukilipiza unawaumiza na wasio na kosa. Ernst Fehr na Simon Gächter walionyesha mwaka 2000 kwamba michango bila adhabu inashuka raundi baada ya raundi, na watu wakiruhusiwa kumtoza faini mdandiaji, yule anayekula bila kuchanga, inapanda. Ila tahadhari: Benedikt Herrmann, Christian Thöni na Simon Gächter walirudia mwaka 2008 miji 16 na kwa baadhi, Athens na Muscat zikiwemo, watu walikuwa wanawatoza faini hata wale waliochanga vizuri. Kama kumwambia aliyechanga, "unajiona nani weye?" Nadhani hiyo tunaijua.

Kamati yetu lazima iwe na wanawake. Itasaidia ushirikiano?

Katiba ya 2010 inasema chombo cha kuchaguliwa ama kuteuliwa kisizidi thuluthi mbili za jinsia moja, na sababu yake ni haki, haihitaji kujitetea kwa faida. Mkiingiza mwanamke mmoja mkamweka karibu na mlango aandike chai na mahudhurio, msitarajie chochote.

Tunataka kujaribu mchezo huu kwa chama chetu. Tufanyeje?

Rahisi. Watu wanne, kila mmoja kunde 10, tuseme kila kunde ni shilingi 10. Kila mtu anaweka idadi anayotaka kwenye kofia, ngumi imefungwa, hakuna anayeona. Msimamizi anahesabu, anaongeza mara mbili, anagawa kwa wanne sawa. Wote wakiweka 10 kila mmoja anapata 20. Mmoja akibana na watatu wakaweka, wale watatu wanapata 15, na yeye anapata 15 juu ya 10 zake, 25. Mtaona jicho lake.

Chezeni raundi kumi hivyo, mkiandika jumla ya kofia kila raundi. Halafu kumi nyingine ngumi wazi, kila mtu anaona. Halafu kumi za faini: ukitoa kunde yako moja mtu mmoja unayemtaka anapoteza tatu. Wachanganyeni wanaume na wanawake raundi nyingine, watengeni raundi nyingine, mwone kama kwenu inafanana na ya Balliet. Msicheze kwa pesa za chama, na kunde zihesabiwe kabla ya kuanza manake kuna watu huja na zao mfukoni.